Mgombea wenu wa mtaa asikatwe: mwongozo kamili kwa tawi la chama pembezoni mwa Jiji la Mbeya

Kila uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, simu yangu haitulii. Anapiga katibu wa tawi kutoka Isyesye, kesho yake wa Igawilo, keshokutwa wa Nsalaga, na wimbo ni uleule: "Kaka, mgombea wetu wamemkata. Tufanyeje?" Nikiuliza fomu ilikuwa na kasoro gani, kinafuata kimya, kisha, "Ngoja nimuulize mwenyekiti." Nikisikia hivyo huwa najua kwamba hakuna aliyebaki na kopi ya fomu.

Mwongozo huu ni wa hao makatibu na wenyeviti wa matawi, chama chochote kile. Sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi: anayetaka uenyekiti wa mtaa au ujumbe wa kamati ya mtaa lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Kwa hiyo tawi likiteleza, mgombea anaanguka hata kama mtaa mzima unamtaka.

Niseme na jambo moja mapema ili tusidanganyane. Mwaka 2019 na tena 2024, vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi waliondolewa bila haki, na 2019 CHADEMA ilijitoa kabisa. Kuna kukatwa ambako fomu safi haikutibu. Lakini fomu chafu humpa anayetaka kukukata kazi rahisi mno, na hukunyima hoja ukifika kwenye rufani. Usafi wa fomu uko mikononi mwenu, na ndio tunaoushughulikia hapa.

Vitu vya kuandaa kabla ya yote

Vikusanyeni mapema, vikae kwenye begi moja, na begi liwe na mwenyewe.

- Katiba ya chama na kanuni zake za uchaguzi, toleo linalotumika sasa.
- Kanuni za uchaguzi wa serikali za mitaa za uchaguzi husika, zilizochapishwa kwenye karatasi. Kuwa nazo kwenye simu hakutoshi, maana simu huzimika saa ile ile unayobishana na mtu.
- Ratiba rasmi ya uchaguzi, ibandikwe ukutani ofisini.
- Muhuri wa tawi na pedi ya wino yenye wino.
- Daftari la wanachama lililohakikiwa.
- Daftari jipya la matukio, lenye kurasa zilizoandikwa namba kwa mkono.
- Kalamu za bluu au nyeusi, za aina moja, zisizopungua sita.
- Mfuko wa plastiki au faili lisilopitisha maji. Novemba Mbeya mvua zimeshaanza, na njia za Iduda na Iwambi wenyeji mnazijua.
- Fedha kidogo ya kopi na nauli ya bajaji. Tengeni kabla, msije mkachangishana siku ya mwisho.

Hatua ya 1: Jueni mko chini ya mamlaka gani

Hili linaonekana dogo, lakini limewaponza watu wa pembezoni kuliko wa katikati ya mji. Uyole, Itezi, Nzovwe au Iwambi mko ndani ya Jiji, kwa hiyo mnachagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Ukitoka Iwambi ukafika Mbalizi, umeshaingia Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya. Mbalizi ni mji mdogo wenye vitongoji. Kwenye vijiji vinavyoizunguka kuna mwenyekiti wa kijiji, halmashauri ya kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Kila nafasi ina fomu yake.

Nyumba mpya zimeota mpakani, na si ajabu mtu akalala upande mmoja na kunywa chai upande mwingine. Nendeni ofisi ya mtendaji mkaulize mpaka wa mtaa unapita wapi, kisha tembeeni mpaka huo kwa miguu mkiwa na wazee wawili wanaoujua. Andikeni: mtaro, mti, kona ya ukuta wa fulani.

Kama mko upande wa Uyole, angalieni na jambo lingine. Mwaka 2025 jimbo la Mbeya Mjini liligawanywa, likazaliwa jimbo la Uyole. Vyama vyenye uongozi wa ngazi ya jimbo viliguswa. Kagueni barua na mihuri yenu: kama kuna maandishi yanayowaweka kwenye jimbo la zamani, tengenezeni mapya sasa.

Hatua ya 2: Liwekeni tawi sawa, hasa muhuri

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe niliumia.

Mwaka 2019 nilikuwa katibu wa tawi. Mgombea wetu alikuwa mama muuza viazi mviringo, mtu ambaye ukishuka kwenye daladala ukamtaja jina unaonyeshwa kwake. Fomu tuliijaza vizuri. Ikafika sehemu ya chama kumdhamini, muhuri haupo. Uko wapi? Kwa mwenyekiti. Mwenyekiti yuko wapi? Usangu, kwenye shamba la mpunga, na simu haipatikani. Siku ikawa imebaki moja. Mjanja mmoja akasema twende kwa katibu wa kata agonge muhuri wake, kwani kata si kubwa kuliko tawi? Tukagonga. Tukarudisha fomu tukiwa na furaha. Siku ya uteuzi tukaambiwa mgombea hakudhaminiwa na ngazi ya chini ya chama chetu, ambayo kwa katiba yetu, eneo letu, ni tawi. Yule mama hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, muhuri ulikwenda kulima?"

Kanuni inazungumzia ngazi ya chini ya chama, na ngazi hiyo haifanani kwa vyama vyote. CCM wana shina, tawi na kata. CHADEMA wana msingi, tawi na kata. Fungueni katiba yenu na kanuni za mwaka husika, someni kwa sauti mkiwa wote, kisha ulizeni wilayani: "Anayesaini na kugonga muhuri kwa mgombea wa mtaa wetu ni nani?" Jibu liombeni kwa barua. Barua hiyo itawafaa siku mtu akileta pingamizi.

Baada ya hapo:

Muhuri ukae kwa mtu mmoja anayelala mtaani siku zote. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao nani anautunza na nani ataushika akisafiri. Ukitoka, uandikwe umetoka. Ukirudi, uandikwe umerudi.

Jaribuni muhuri kwenye karatasi nyeupe. Maandishi yasomeke yote, pamoja na jina la tawi. Kama herufi zimekula, nendeni Mwanjelwa kwa mafundi mihuri mtengeneze mwingine, mkiwa na barua ya chama.

Sahihi za viongozi zifanane kila mahali. Katibu anayesaini kwa mbwembwe kwenye barua na kwa kifupi kwenye fomu anawatafutia maneno. Na kiongozi mwenyewe awe halali: amechaguliwa au amekaimishwa kwa kikao chenye muhtasari. Kama katibu wenu alihamia Songwe mwaka juzi na nafasi imejazwa kwa mdomo tu, itisheni kikao.

Mkimaliza, mtu yeyote wa tawi akiamshwa usiku akaulizwa "Muhuri uko wapi na nani anasaini?" atajibu bila kupiga simu.

Hatua ya 3: Mpateni mgombea bila kuvunja tawi

Kila chama kina utaratibu wake wa kura za maoni. Ufuateni ulivyoandikwa, hata kama nyote mnajua nani atashinda. Aliyeshindwa kihalali hununa wiki moja. Aliyeporwa huhama na ndugu zake, majirani zake na siri zenu zote.

Kabla ya kupiga kura za maoni, pimeni kila mtia nia kwa sifa za kikanuni. Awe raia wa Tanzania mwenye miaka 21 au zaidi, mkazi wa mtaa huo, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, mwenye kipato halali cha kuendesha maisha yake, na mwanachama wenu kweli. Wekeni mbele ya kikao kitambulisho chake na kadi yake ya chama, msiishie kumsikiliza.

Ukazi ndio unaosumbua pembezoni. Mtu amejenga Isyesye, lakini familia bado imepanga Soweto "mpaka tupige plasta". Kiwanja hakimfanyi mkazi. Mkazi ni yule anayeishi pale, ambaye majirani wanamwona akitoka asubuhi. Mkiwa na shaka, msimpitishe. Mtu huyohuyo mtamtumia kwenye kampeni na hatawagharimu kitu.

Msiwasahau wajumbe wa kamati ya mtaa, kundi la wanawake na kundi mchanganyiko. Matawi mengi huhangaika na uenyekiti hadi usiku wa mwisho, kisha yanaokota wajumbe barabarani. Mwenyekiti asiye na wajumbe wake atakaa kwenye kamati kama mgeni harusini.

Angalizo la fedha: TAKUKURU hufuatilia rushwa hata kwenye kura za maoni za ndani ya vyama. Soda na maandazi ya kikao tangazeni wazi kwamba ni ya tawi. Bahasha ni habari nyingine.

Hatua ya 4: Waandikisheni watu wenu, na mgombea wa kwanza

Kosa linalorudiwa kila mara ni hili: "Mimi nina kadi ya mpiga kura, nitapiga tu." Hapana. Daftari la kudumu la Tume ya Uchaguzi ni la kuchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa mtaa una orodha yake, inayoandikwa upya mtaani kila uchaguzi unapofika. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, siku kumi tu. Hakuna kadi inayotolewa. Jina linaandikwa, basi. Nchi nzima walijiandikisha watu zaidi ya milioni 31, na bado siku ya kura kuna waliofika kituoni na kadi zao mkononi wakarudi nyumbani wamekunja uso.

Anayestahili ni raia mwenye miaka 18 au zaidi, mkazi wa mtaa, mwenye akili timamu.

Mgombea aende siku ya kwanza, saa ya kwanza, na jina aliloandikisha lifanane na kitambulisho chake. Wanachama wengine wagawieni kwa mabalozi au wajumbe wa misingi, kila mmoja na nyumba zake, kwenye karatasi yenye vichwa viwili tu: "Ameandikishwa" na "Bado". Jioni karatasi zirudi ofisini. Wenye mashamba ya viazi Umalila na wa mpunga Usangu waambiwe mapema sana, kwa sababu Oktoba wengi wako mbioni kuandaa mashamba na mtu harudi mjini kwa sababu ya tangazo la spika. Anarudi akipigiwa simu na mtu anayemheshimu.

Orodha ikibandikwa kwa ukaguzi, ndipo kazi yenu ya pili inapoanza. Nendeni watu wawili, mmoja anasoma, mwingine anatia tiki kwenye karatasi zenu. Majina yaliyokosekana, yaliyokosewa, na ya watu msiowajua wala majirani hawawajui, yaandikeni na kuyapeleka kwa maandishi ndani ya muda uliotangazwa. Kulalamika kijiweni kwamba orodha ina mamluki hakumwondoi mtu kwenye orodha.

Hatua ya 5: Kujaza fomu

Mwaka 2024 kuchukua na kurudisha fomu kulikuwa ndani ya siku saba zilezile, tarehe 26 Oktoba hadi 1 Novemba. Saba ni nyingi kwa aliyejiandaa. Lengo lenu liwe kuchukua siku ya kwanza, kujaza siku ya pili na kurudisha siku ya tatu. Siku nne zinazobaki ni za ajali.

Siku mnayochukua fomu, msiiguse kwa kalamu. Pigeni kopi mbili. Kopi ya kwanza ni ya mazoezi.

Kaeni mahali penye meza na mwanga: mgombea, katibu, na mtu wa tatu ambaye hana haraka, ikiwezekana mwalimu mstaafu. Mbeya mjini na pembezoni wamejaa, na wengi wanafurahi kuombwa. Chai iwe mbali na meza.

Mgombea ajaze kopi kwa mkono wake. Mwalimu aisome neno kwa neno, akilinganisha na vitambulisho. Mkikubaliana, ndipo fomu halisi ijazwe, ikinakili kopi. Tazameni haya kwa jicho kali:

Jina. Kadi ya chama inasema Tupokigwe, kitambulisho cha taifa kinasema Tupokigwe Neema pamoja na ukoo, na mtaani anaitwa Mama Neema. Kwenye fomu andikeni jina lililo kwenye kitambulisho na kwenye orodha ya wapiga kura, herufi kwa herufi. Majina yetu ya Kinyakyusa na Kisafwa huandikwa kila karani anavyosikia; sikio la karani lisiwe sababu ya pingamizi.

Umri na tarehe. Tarehe ya kuzaliwa ikae sawa na kitambulisho. Tarehe ya kusaini iwe ya siku hiyo, na isipishane kati ya mgombea na chama kwa namna isiyoelezeka. Mgombea hawezi kuwa amedhaminiwa wiki moja kabla fomu hazijaanza kutolewa.

Kazi na kipato. Andikeni kazi inayoonekana: "Mkulima wa viazi na mahindi", "Fundi seremala", "Ana duka la rejareja". Neno "mjasiriamali" silipendi kabisa hapa. Linaficha badala ya kueleza, na mtu akitaka kuuliza kipato halali kinatoka wapi, mmemfungulia mlango.

Jina la mtaa na kata. Liandikwe kama linavyoandikwa na halmashauri. Kuna mitaa yetu ina jina la kiserikali na jina la vijiweni. Andikeni la kiserikali.

Nafasi zilizo wazi. Kila mstari unaomhusu mgombea ujazwe. Msiache wazi mkidhani inajieleza.

Makosa. Herufi ikikosewa kwenye fomu halisi, msifute, msipake rangi nyeupe, msichore juu. Rudini mkaombe fomu nyingine. Ndiyo maana mlichukua siku ya kwanza.

Baada ya mgombea kusaini, ndipo ngazi ile mliyoithibitisha kwenye Hatua ya 2 isaini na kugonga muhuri. Gongeni mara moja, kwa utulivu, mahali palipoelekezwa, usifunike sahihi. Niliwahi kumwona katibu mmoja akigonga muhuri mara tatu "ili uonekane", ukaonekana kama nyayo za kuku kwenye tope.

Mkiweza kumpa fomu mtu asiyewajua, akaisoma na kuwaambia mgombea ni nani, anaishi wapi, anafanya kazi gani, anagombea nini na kadhaminiwa na nani, bila kuuliza swali hata moja, fomu imekamilika.

Hatua ya 6: Kurudisha fomu na kubaki na ushahidi

Pigeni kopi ya kila ukurasa wa fomu iliyojazwa. Ipigeni na picha.

Nendeni watu watatu kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi: mgombea, katibu na shahidi. Vaeni nguo za kawaida, msiende na msafara wa bodaboda na vuvuzela. Mkikabidhi, muombeni kwa heshima aandike kwenye kopi yenu kwamba amepokea, tarehe, saa, na asaini. Wengi hawakatai wakiombwa vizuri. Akikataa, msigombane. Tokeni nje, fungueni daftari la matukio, andikeni tarehe, saa, mahali, mliyemkuta na alichosema, kisha wote watatu msaini.

Mkikuta ofisi imefungwa saa za kazi, fanyeni hivyohivyo. Pigeni picha mlango ukiwa na saa kwenye simu, andikeni, kisha siku hiyohiyo pelekeni barua kwa msimamizi wa uchaguzi wa halmashauri, na nakala kwa uongozi wenu wa wilaya. Barua ya siku hiyohiyo ina uzito. Barua ya wiki ijayo inaonekana kama kisingizio.

Hatua ya 7: Uteuzi, pingamizi na rufani

Siku ya uteuzi, mtu wenu awe mapema kwenye ubao wanakobandikwa walioteuliwa. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 8 Novemba. Milango ya pingamizi na rufani hufunguliwa na kufungwa ndani ya siku chache mno, kwa hiyo aliyesikia habari jioni kutoka kwa jirani ameshachelewa nusu.

Jina lenu likiwa halipo, ombeni sababu kwa maandishi. Msikubali kuelezwa mlangoni. Kisha kaeni na kanuni zilizochapishwa, tafuteni kifungu kinachotajwa, na jibuni hicho tu. Nimesoma rufani zilizojaa historia ya ukoloni, ukombozi na Mwalimu Nyerere, na hakuna mstari hata mmoja unaosema: "Sababu iliyotolewa ni kwamba hakudhaminiwa. Tunaambatanisha kopi ya fomu yenye sahihi na muhuri wa tawi, na barua ya wilaya inayothibitisha kuwa tawi ndiyo ngazi husika." Sentensi mbili kama hizo, zikiwa na viambatanisho, zina nguvu kuliko kurasa sita.

Rufani huenda kwenye kamati ya rufani. Wapelekeeni nakala kamili, baki na nyingine, na andikeni kwenye daftari nani kapokea.

Pingamizi lenu dhidi ya mgombea wa chama kingine lifuate njia hiyohiyo. Liwe na ushahidi. Kumwekea mtu pingamizi kwa sababu tu naye aliwawekea ni kupoteza usiku mliouhitaji kwa kazi nyingine, na mtaani mnaishi pamoja: kesho kuna msiba, mtakaa jamvi moja.

Hatua ya 8: Kampeni

Hapa sitakawia, kwa sababu hili mnalijua kuliko mimi. Mwaka 2024 kampeni zilikuwa siku saba, tarehe 20 hadi 26 Novemba. Ratiba ya mikutano ipelekeni kwa maandishi kama kanuni zinavyotaka, na mtembee nayo. Mtaa wa pembezoni hauchaguliwi na spika. Unachaguliwa na maji yanayotoka usiku mara moja kwa wiki, mtaro unaomwaga kwenye nyumba za chini, na taa zilizokosekana njia ya kwenda stendi. Mgombea apite nyumba kwa nyumba akiwa na daftari, aandike anachoambiwa mbele ya mwenye nyumba.

Mgombea wenu akibaki peke yake, msilale. Mwaka 2024 penye mgombea mmoja wapiga kura walipiga kura ya Ndiyo au Hapana.

Hatua ya 9: Mawakala na siku ya kura

Wakala achaguliwe kwa utulivu wake. Mwenye sauti kubwa apelekwe kampeni. Mnatafuta mtu anayesoma vizuri, anayejua watu wa mtaa kwa sura, asiyekunywa siku hiyo, na anayeweza kukaa kwenye benchi la baridi tangu alfajiri bila kususa. Majina ya mawakala yapelekwe kwa wakati na waapishwe. Wakala asiye na kiapo ni mpita njia tu, atasimama nje ya kamba.

Vituo 2024 vilifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, lakini kuhesabu huingia usiku. Kila wakala awe na koti, tochi yenye betri mpya, kalamu mbili, daftari, chakula alichobeba mwenyewe kutoka nyumbani. Chakula hicho nakisisitiza. Wakala aliyetoka kidogo kutafuta chipsi alikosa kuona kilichofanyika kwenye sanduku kwa nusu saa, na nusu saa hiyo haikurudi.

Mfundisheni mambo manne. Asubuhi, aone sanduku likiwa tupu kabla halijafungwa. Wakati wa kura, apinge kwa adabu, kwa jina, pale anapojua mtu si mkazi au anarudi mara ya pili, na aandike. Wakati wa kuhesabu, atazame kila karatasi ikiinuliwa, ahesabu na yeye kwenye daftari lake. Mwisho, asisaini fomu ya matokeo kabla ya kulinganisha na hesabu yake. Akiwa na malalamiko, ayaandike mahali pa malalamiko, asinunue ugomvi. Matokeo yakibandikwa, apige picha.

Wapiga kura wenu wakumbusheni waje na kitambulisho: cha taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, kadi ya bima ya afya au pasipoti. Na wakishapiga, waende nyumbani. Kukusanyika karibu na kituo "kulinda kura" huwapa wengine sababu ya kuwaita polisi. Kura zinalindwa na wakala wenu aliyekaa ndani na koti lake.

Hatua ya 10: Baada ya matokeo

Mkishinda, kabidhianeni kwa maandishi na uongozi uliopita: mafaili, samani, madeni, migogoro ya viwanja iliyo wazi. Mwenyekiti mpya anayeingia bila orodha hiyo atalaumiwa kwa deni la mtu mwingine ndani ya mwezi.

Mkishindwa na mna ushahidi kwamba mmeonewa, njia ni Mahakama ya Wilaya, ndani ya siku 30 tangu matokeo kutangazwa. Mpelekeeni mwanasheria faili zima: kopi ya fomu, kopi zenye sahihi ya kupokelewa, daftari la matukio, picha za matokeo, majina ya mashahidi wanaokubali kufika. Kama faili halina vitu hivyo, mwanasheria mwaminifu atawaambia mwokoe hela zenu.

Iwe mmeshinda au mmeshindwa, wiki ileile fanyeni kikao kimoja cha tawi na swali moja tu: wapi tulikimbizana? Jibu liandikwe kwenye kurasa za mwisho za daftari la matukio, kwa sababu viongozi wa 2029 huenda wasiwe nyinyi, na uchaguzi mdogo unaweza kuja hata kabla ya hapo kiti kikibaki wazi. Daftari, barua ya wilaya na kopi za fomu vifungiwe pamoja kwenye sanduku moja.

Sisi tulifanya hivyo. Muhuri sasa uko kwa katibu, jirani na duka la dawa, na kila anayeuchukua anasaini. Mwenyekiti bado analima Usangu. Siku hizi anakwenda na jembe tu.